Miguu ya Mama Mkwe

Fundi cherehani aliteleza kwenye ngazi za soko akiwa amekumbatia jora la kitambaa, na kifundo cha mguu wake wa kulia kikavunjika. Kitambaa chenyewe kilikuwa cha sare za wauguzi wa zahanati ileile iliyomfunga plasta.

Akapiga moyo konde, akajaribu kuendesha cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake. Wapi! Pedali ilikwama, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Akaunga, ukakatika tena. Akalaza kichwa juu ya meza, akalia.

Mama mkwe, aliyekuja kumuuguza, aliacha maharage aliyokuwa akichambua. Mikono yake siku hizi ilitetemeka, hata kikombe alikishika kwa viganja viwili. Fundi hakuwa amemzoea. Kila mama huyo akiingia chumbani, fundi alijihisi anakaguliwa mpaka vumbi la chini ya kitanda.

"Kinachokuliza ni maumivu au kazi?"

"Kazi, mama."

"Basi sogea huko."

Akavua ndala, akajibana kwenye benchi upande wa kulia, akaweka nyayo zake pana juu ya pedali. Miguu ile ilikuwa imepanda kilima miaka na miaka, ndoo ya maziwa ikiwa kichwani. Haikujua kutetemeka.

"Wewe una mikono, mimi nina miguu. Sema twende."

Mwanzoni ilikuwa vituko. Fundi akisema "taratibu," mwenzake keshatimua mbio. Akisema "simama," sindano imeshapita alama. Mfuko wa kwanza ukashonwa mdomo! Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Baadaye bibi akazoea kusikiliza pumzi za mkwewe: fundi akibana pumzi kwenye kona, miguu inapoa, akizishusha, inaondoka.

Muuguzi mkuu alipokuja kuchukua sare, aliisifu mishono.

"Nusu ya sifa hizo ni za mama," fundi akasema. Bibi akageuza uso, anatabasamu.

Jioni fundi alimkuta akijikanda miguu. Akachukua mafuta. "Nipe mguu, mama."

"Aa, niache, mwanangu. Visigino vimepasukapasuka."

"Ndivyo vilivyonishonea."

Akaupakata mguu ule, akaukanda kuanzia kisigino kwenda juu.

"Miguu hii imetumwa tangu utotoni," bibi akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuiambia asante."

Fundi akachota mafuta mengine, akahamia mguu wa pili.