Wimbo wa Mke wa Narjit

Harkajit Rana alipomwomba Narjit apige zumari ya mfuko kwenye harusi ya mwanawe, kijiji kizima kilidhani wazee hao wawili wa kikosi cha Gurkha, askari wa milimani waliotumikia jeshi la ng'ambo, wamepatana. Wapi! Mwenye kovu usidhani kapoa.

Jeshini, Narjit alitunga wimbo wa kumlilia mkewe, aliyefia uzazini huku milimani yeye akiwa ng'ambo. Harkajit, mkuu wa bendi, akauongeza mwendo ukawa wa gwaride, akaupa jina lake mwenyewe, akavishwa nishani. Mpaka leo kikosi kinaupiga na watu wanapiga makofi. Narjit alimchukia kwa hilo, tena kwa moyo mkunjufu.

Asubuhi ya harusi Harkajit akamwagiza mbele ya wageni, kifua mbele, "Nipigie ule wangu, mpaka kwa bibi harusi."

"Ndiyo, sajini," Narjit akajibu kwa adabu zote.

Pandit, kuhani wa harusi, alikuwa ametaja saa njema: bibi harusi apakwe rangi nyekundu ya ndoa kabla ya adhuhuri, la sivyo wangoje mwaka mwingine. Narjit akatangulia kwenye njia ya mlima, akaupiga wimbo kama alivyoutunga, polepole, mwendo wa mazishi. Nyuma yake wastaafu wote wakashika hatua, maana hakuna Gurkha anayempita mpiga zumari. Vijana nao wangepitia wapi, na njia nyembamba vile? Na kumnyamazisha mpigaji njiani ni mkosi kwa maharusi.

Jua likapanda. Harkajit akamfikia akihema.

"Kaka, ongeza mwendo. Saa inatupita, mwanangu ataaibika."

Narjit akatoa mrija mdomoni, kiwiko kikiendelea kukamua mfuko ili sauti isikatike. "Naupiga kama mwenyewe alivyoutunga. Waambie ni nani."

Harkajit akatazama jua, akamtazama mwanawe. Kisha akawageukia wenzake wa zamani. "Wimbo ni wa Narjit. Aliutungia marehemu mkewe. Mimi niliuiba."

Wazee wakainamisha vichwa. Narjit alisikia raha ikimpanda, tamu kuliko pombe ya ulezi.

"Haya, nimesema. Ongeza sasa."

"Wa mke wangu hauongezwi," Narjit akasema, akarudisha mrija mdomoni, akauanza upya, polepole vilevile. Wazee wakashika hatua. Harkajit akalia kwa hasira, na miguu yake nayo ikashika.