Lenzi Isiyotingishika

Angwenyi aliinunua kamera ya bintiye kama anavyonunua ng'ombe, na kwa ng'ombe alikuwa hajawahi kukosea.

Phanice hakumwomba aandamane naye. Alikuwa mtu mzima mwenye kibanda chake cha kusuka nywele hapo Ikonge, na pesa zilikuwa zake. Kwa miaka mingi alikuwa amewasuka mabibi harusi, kisha akasimama kando huku mpiga picha kutoka mjini akisifiwa kwa uzuri wa kichwa alichokihangaikia yeye tangu alfajiri. Akaamua naye atapiga picha. Kamera mpya ilikuwa ya kuitazama tu kwenye mtandao, lakini iliyotumika ilikuwepo Kisii mjini, kwa kijana aitwaye Fred, mwenye studio juu ya duka la dawa za mifugo. Angwenyi aliposikia binti yake anakwenda kununua kitu kilichotumika kwa mtu asiyejulikana kwao, alivaa koti.

"Kitu cha namna hiyo hakinunuliwi kwa macho mawili," alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Kazi ya kwanza ya kamera hiyo ilikuwa imekwisha kupangwa, tena si harusi. Ilikuwa ya nyanya yake Phanice, Kemuma, mama mzazi wa Angwenyi. Kemuma alikuwa na wana wawili, Angwenyi na mdogo wake Ochoki, walioishi mashamba ya kupakana na ambao kwa miaka mingi hawakuwa wamepeana hata salamu. Jioni moja, kila mtu akiwa ameshika bakuli lake, bibi kizee alisema alichokuwa nacho moyoni.

"Nimezika watu wengi katika nchi hii. Kila nikienda matanga naona ndugu waliokosana wakipangwa kando ya jeneza ili wapigwe picha, na wanapangika vizuri kabisa, mmoja huku, mwingine kule. Mimi picha hiyo naitaka nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Lilikuwa jambo la kweli. Phanice alijaribu kumwonyesha simu, akakataliwa. Kemuma alisema picha za simu hukaa kwenye simu, na simu huibwa. Alitaka picha ya karatasi, iliyopigwa na kitu kisichofanya kazi nyingine.

Basi wakaenda Kisii. Fred aliweka juu ya meza kamera moja na lenzi mbili. Angwenyi hakugusa chochote. Kwanza aliizunguka meza.

"Unaiuza kwa nini?"

"Nimepata ingine kubwa, mzee."

"Hii ilikuwa inakusumbua?"

"Hapana, haijawahi. Hii ni ya kuanza nayo. Karibu kila mtu huanza na hii."

Phanice alikuwa amesoma kwamba kamera ya mkono wa pili huulizwa imepiga picha ngapi, kwa hiyo akauliza. Fred akabonyeza vitu fulani, akasema ni elfu ishirini na kidogo, kwamba bado ni kijana.

"Huwa mnasema hivyo," Angwenyi alisema.

Kisha akazigeukia lenzi. Ya kwanza ilikuwa ile ya kuvuta. Fred aliizungusha na shingo ya lenzi ikatoka nje, akaizungusha tena ikarudi. Angwenyi aliishika shingo ile kwa vidole viwili, akaitikisa. Ilicheza kidogo, kama zinavyocheza zote za aina yake tangu zikiwa mpya.

"Hii inatingishika."

"Hivyo ndivyo ziko, mzee. Inavuta mbali na karibu."

"Kijana, kitu chenye shingo ya kutingishika ni kigonjwa. Mimi sijaanza leo."

Lenzi ya pili ilikuwa fupi, ngumu, haitoki wala hairudi. Angwenyi aliitikisa, ikatulia. Akaitikisa tena karibu na sikio, akasikia kimya. "Hii ni nzima," alisema.

Fred alimtazama Phanice. Phanice alikuwa ametazama video za kutosha kujua kwamba kuna tofauti kati ya lenzi hizi mbili, lakini si za kutosha kumbishia baba yake mbele ya watu. Fred naye alikuwa mfanyabiashara, si mwalimu. Alimwambia mzee kwamba anajua kuchagua, kwamba hiyo ndiyo inayotia ukungu nyuma na kumtoa mtu mbele, kisha akampiga picha kuthibitisha. Kwenye kioo kidogo ukatokea uso wa Angwenyi, kila unywele wa ndevu mahali pake, na kabati la nyuma limeyeyuka kabisa. Phanice aliipenda picha ile mpaka akasahau alichotaka kuuliza. Wakachukua kamera na lenzi ngumu, ile gonjwa wakaiacha mezani, na Angwenyi akaomba apunguziwe kwa sababu wameiacha. Alipunguziwa. Kamera ilijaribiwa kwa uso mmoja ndani ya chumba kimoja, na hakuna aliyewauliza kwao wako wangapi.

Picha ikapangwa Jumapili, maana Jumamosi ni Sabato na Kemuma hakutaka mtu afanye kazi kwa ajili yake siku ya Bwana. Watu wakavaa nguo za Sabato siku ya pili mfululizo, jambo lililowafanya watembee kwa uangalifu. Ochoki alikuwa ameitwa. Alijibu kwamba hatakanyaga boma lile mpaka mstari wa chai urudi kwa mwenyewe. Angwenyi akajibu kwamba mwenyewe ni yeye, na mstari haujatoka mahali.

Huo mstari unahitaji kuelezwa. Mashamba ya huko ni membamba na marefu, yameteremka kutoka barabarani hadi mtoni kama mikanda iliyoanikwa, na kati ya mkanda wa Angwenyi na ule wa Ochoki palikuwa na mtaro, na kando ya mtaro mstari mmoja wa chai. Baba yao alikufa bila kusema ni wa nani. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kikapu ukavune. Pale hapakuwa na wa kulima wala wa kuvuna. Aliyechuma jani moja angeitwa mwizi na mwenzake, kwa hiyo hakuchuma yeyote, na chai isiyochumwa hugeuka miti. Ilikuwa imempita mtu kimo. Ndege walitaga humo.

Kemuma aliwekewa kiti mbele ya mlango wake. Akaagiza kiti cha pili, akakiweka kushoto kwake kikiwa kitupu. Nehemiah, mume wa dada yake Phanice, mtu mzito aliyechoka kusimama, alijaribu kukikalia, akaambiwa ainuke. Angwenyi akasimama kulia. Mkewe Loice, watoto, wakwe na wajukuu wakajipanga nyuma, wafupi mbele.

Phanice alichungulia. Aliona nyanya yake na nusu ya baba yake. Akarudi nyuma. Akaona nyanya yake, baba yake mzima, na sikio la Nehemiah. Akarudi tena, akapita jiko la nje, akapita kamba ya kufungia ndama, mgongo ukagonga migomba. Wakwe wote walikuwa bado nje ya picha.

"Si uvute tu," Loice alisema.

"Haivuti, mama."

"Kwa nini haivuti?"

Phanice alimtazama baba yake. Angwenyi alitazama kilima cha ng'ambo.

"Ile ya kuvuta ilikuwa gonjwa," alisema.

Kaka yake Phanice, Masese, akasema kwa sauti ya upole kwamba simu yake ingewaenea wote papo hapo walipo. Phanice alijifanya hakusikia. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na yeye alikuwa ameyavulia akiba yake yote. Kusogea upande hakungesaidia, maana angepiga picha ya ukuta na choo. Mlango wa Kemuma ulitazama kwa Ochoki, na aliyetaka mlango, bibi na watu wake wote waingie pamoja alikuwa na njia moja tu. Alivuka mtaro, akajipenyeza katikati ya ile miti ya chai, akatokea upande wa pili, ndani ya chai safi ya baba yake mdogo. Phanice alijua alichokifanya. Lakini akirudi bila picha, nyanya yake angeipata kando ya jeneza, siku ambayo mwenyewe hangeiona.

Alipochungulia aliwaona wote wameenea, watu wadogo wadogo wenye nguo za Sabato. Lakini mbele ya bibi na kile kiti palikuwa na tawi kubwa la chai.

"Unafanya nini kwangu?"

Ochoki alikuwa amesimama nyuma yake na panga mkononi. Alikuwa akipogoa chai yake, kama mtu yeyote wa Sabato afanyavyo Jumapili.

"Narudi nyuma, baba mdogo."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nyanya aenee."

Ochoki alifikiri. Aliitazama kamera, akauliza kama hiyo ndiyo ile ya Kisii iliyochaguliwa na Angwenyi. Phanice akakubali. Ochoki akauliza kwa nini haivuti kama za wengine. Phanice akamweleza habari ya shingo, na Ochoki akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyesikia habari za mgonjwa anayemfahamu.

"Hebu nione."

Alichungulia muda mrefu. Phanice alisimama karibu yake akisikiliza pumzi zake.

"Hicho kiti cha kushoto ni cha nani?"

"Nyanya hajasema."

"Ameweka mkono juu yake."

"Ndiyo. Tangu asubuhi."

Ochoki alimrudishia kamera kwa mikono miwili. "Hili tawi linamziba," alisema, akaenda kwenye mstari ule ambao hakuna aliyekuwa ameugusa tangu mazishi ya baba yao, akalipiga panga.

Angwenyi alitoka mahali pake. Loice alimshika mkono wa koti, koti likabaki nyuma kidogo, yeye akaendelea mpaka ukingoni mwa mtaro.

"Ochoki. Unakata chai ya nani?"

Kila mtu pale alijua kwamba jibu lilikuwa neno moja, na kwamba baada ya neno hilo wangekwenda nyumbani kubadili nguo. Phanice alishika kamera kwa nguvu kana kwamba ndiyo itakayopigwa. Alitamani angekuwa ameikubali simu ya Masese.

"Ile inayomziba mama," Ochoki alisema.

Angwenyi alifungua mdomo. Aligeuka akamtazama mama yake aliyekaa kule mlangoni, akayatazama matawi yaliyobaki kwa muda ambao Nehemiah alidhani ni ruhusa ya kuchuchumaa.

"Basi kata na hilo jingine," Angwenyi alisema hatimaye. "Mimi pia limeniziba."

Ochoki alilikata. Akakata na yaliyofuata, mpaka pakawa na pengo ambalo ng'ombe angepita. Kisha alilifuta panga kwa majani ya chai, akalisimamisha upande wake wa mtaro, akavuka. Alipita karibu na kaka yake bila kumtazama. Alikuwa na gamubuti na shati la shambani, na alipofika alisimama mbele ya kile kiti kitupu mpaka mama yake alipoondoa mkono. Hapo akakaa. Angwenyi akarudi kulia.

Phanice alibonyeza. Machozi yalikuwa yakimlengalenga na hakuona vizuri alichopiga, kwa hiyo akabonyeza tena na tena.

"Tayari," aliita kutoka kwenye chai.

Watoto wakatawanyika, Nehemiah akaenda kutafuta pa kukaa. Wale watatu walibaki walivyokuwa, mama katikati.

"Picha imekwisha," Angwenyi alisema, akitazama mbele.

"Nimesikia," Ochoki alisema, naye akitazama mbele.

Hakuinuka. Angwenyi alisubiri kidogo, akavuta kigoda kwa mguu, akakikalia. Phanice alikuwa amekwisha kuvuka mtaro akirudi, na alipowaona hivyo aliinua kamera apige nyingine.

"Weka hicho kitu chini," Kemuma alimwambia kwa sauti ndogo, "uwaletee hawa chakula kabla hawajakumbuka."