Salamu Iliyokosa Jibu

Kaka yangu Mniko, mlinzi wa hoteli ya kitalii kule Ikoma, alianguka mchana kweupe wakati wafanyakazi wamepangwa mstari kupokea wageni. Habari ilifika kwetu Nyanungu kabla yake. Mkurya aliyesimama mbele ya kisu cha ngariba bila kupepesa jicho, leo anaangushwa na kusimama tu? Baba alisema mwoga huyo si mwanawe.

Jumamosi Mniko akaja. "Shikamoo, baba."

Baba akaendelea kutazama ng'ombe. Kaka, na ukubwa wake wote ule, machozi yakamlengalenga. Hapo uvumilivu ukaniishia. Mimi ni muuguzi, na mdomo wangu unajulikana.

"Baba, hakuogopa. Moyo hausukumi damu ambayo haijaurudia. Ukitembea, misuli ya miguu inaikamua damu ipande. Yeye aliambiwa asitikisike, juani. Damu ikatuama miguuni, moyo ukapata kidogo, ukatoa kidogo, kichwa kikakosa."

"Mbona alizinduka mwenyewe?"

"Kwa sababu alilala. Damu ikarudi bila kupanda mlima, moyo ukapata cha kusukuma."

"Maneno ya zahanati hayo," alisema baba. "Wegesa, mimi nasimama hapa. Nione hiyo damu itanifanya nini."

Akasimama katikati ya uwanja na fimbo yake, jua la saa saba utosini. Alisimama vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Mama alimwita akale, akakataa. Mimi nikapukuchua mahindi huku nikimchokoza, naye akinijibu kila neno kwa matusi mawili.

Kisha nikamchokoza, akanyamaza. Nikaogopa, maana baba hajawahi kuacha neno langu lipite bure. Midomo ilikuwa imempauka na jasho linamtiririka.

"Mniko, mdake!"

Kaka alimdaka kabla hajagusa ardhi. Tukamlaza kivulini, Mniko akapiga magoti na kuiweka miguu ya mzee juu ya mabega yake. Nilikuwa na maneno mengi ya kumwambia baba, lakini kaka alikuwa ameishika miguu ile kama yai, nikayameza.

Rangi ikaanza kumrudia usoni. Baba akafumbua macho, akaitazama miguu yake, halafu akamtazama aliyeibeba.

"Marahaba, mwanangu," akasema.