Jina la Namba Tisa

Klabu iliuza wachezaji watatu ndani ya wiki mbili, na dobi wao alizipata habari kwenye nguo kabla ya kuzisikia redioni. Jumatatu moja jezi ya kipa ilirudi safi, mikunjo ya pasi yake mwenyewe ikiwa bado imesimama. Jumatatu iliyofuata ikawa zamu ya namba nane na namba tisa. Dobi hahitaji gazeti. Jezi isiyonuka jasho imekosa mwenyewe.

Watu walimwita Shangazi, si kwa umri wake tu bali kwa ulimi pia, maana aligombeza jukwaa zima kama watoto wa kaka yake. Duka lake lilikuwa na mashine mbili za kufulia, meza ya pasi na kamba sita uani. Jumatatu alifua jezi za klabu. Jumamosi alifunga duka saa saba mchana, akaenda kukaa ngazi ya tatu ya jukwaa la saruji, mahali alipokaa kwa miaka thelathini na mmoja.

Kazi yake huko ilikuwa kuita. Kabla ya mpira kuanza alisimama, akawaita wachezaji mmoja mmoja kuanzia kipa hadi mshambuliaji, kwa majina ya utani aliyowapa mwenyewe, na jukwaa likaitikia kwa jina lilelile na kofi moja. Hakuna aliyempigia kura. Ilitokea tu, ikazoeleka. Kipa alikuwa Kufuli, namba nane Daktari, namba tisa Nyundo. Mchezaji ambaye bado hajapewa jina alipigiwa makofi matatu makavu, safari ikaendelea.

Waliouzwa ni hao hao watatu. Mwenyekiti alisema redioni kwamba klabu inajenga upya.

"Umeuza mlango, nguzo na paa," Shangazi aliiambia redio, pasi mkononi. "Hapo hujengi upya. Hapo una kiwanja."

Kusema kweli alijua mambo yanavyokwenda. Klabu ndogo huishi hivyo: inalea, inaachia, inalea tena. Hata yeye alishafundisha mabinti wanne kupiga pasi na kushona, na wote leo wana maduka yao. Lakini Nyundo alimuuma kwa namna nyingine. Kijana yule alikula chakula cha mchana dukani pale miaka minne, akimwita mama, kisha akaondoka Alhamisi bila hata kupita mlangoni. Shangazi alikula kiapo kwamba hatampa mtu jina tena. Unamwita mtu jina, wao wanamwekea bei.

Basi msimu ulipoanza, wageni watatu walipigiwa makofi matatu. Kipa mpya hakujali. Namba nane mpya alicheka tu. Namba tisa mpya, kijana mwembamba aliyetoka mbali kwa majaribio ya nusu msimu, alicheza mechi nane bila bao. Jukwaani walisema hafui dafu. Shangazi hakuwapinga, ila yeye alikuwa na habari ambayo wenzake hawakuwa nayo: kila Jumatatu jezi namba tisa ilikuja na mkono wa kushoto umetafunwa pindoni.

"Huko stoo mna panya?" alimuuliza mtunza vifaa.

"Panya gani? Ni mwenyewe. Ukianza kuita majina, anasimama pale katikati ya uwanja anatafuna mkono. Ukimfikia yeye, mkapiga yale makofi yenu, anaacha."

"Akue," alisema Shangazi, akafunga mlango wa mashine. Kwa siku nzima neno hilo lilimkaa vibaya, lakini hakulirudisha.

Mechi ya tisa ilifika dakika ya themanini bila bao. Mpira ukarushwa juu ya mabeki, ukamkuta namba tisa peke yake na kipa. Jukwaa lote liliinuka. Na koo la Shangazi, lililozoea miaka minne, likafunguka lenyewe.

"Nyundo!"

"Nyundo!" jukwaa likaitikia, na kofi juu yake.

Kijana aligeuza kichwa. Kidogo tu, kama mtu anayetazama nyuma kuona nani kaingia. Kipa akajitupa, akauokota mpira miguuni mwa kijana. Watu walipiga ukelele wa hasira, halafu wakaanza kucheka, kwa kuwa walijua walichofanya na hawakutaka kukikubali. Shangazi aliketi. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto, na mpira ulipoisha aliondoka bila kumuaga mtu.

Jumatatu mkono wa ile jezi ulikuwa umechanika hadi kwenye kiwiko.

"Huo usihangaike nao sana," alisema mtunza vifaa. "Kocha anampa nafasi Jumamosi hii tu. Asipobadilika, anarudishwa kwao."

Kesho yake asubuhi namba tisa mwenyewe alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Unatafuta nini?"

"Nimekuja kuushona ule mkono. Nimeuharibu mimi."

Alimpa sindano na uzi, akategemea kupata la kucheka. Kijana alikaa kwenye kiti cha wateja, akaunganisha kitambaa kwa mishono midogo iliyolingana, iliyoizidi hata ya binti wa mwisho aliyemfundisha yeye.

"Nani kakufunza?"

"Dada yangu mkubwa. Ana watoto sita. Nguo zao nilikuwa nashona mimi."

Shangazi alikunja shuka moja, akaikunjua, akaikunja tena. Kuomba radhi hakukuwa kazi aliyoizoea. Akajikaza kisabuni.

"Jumamosi nilikukosea. Mdomo uliniponyoka."

"Hukunikosea," alisema kijana bila kuinua macho. "Hata mimi ningemwita yeye. Ndiye anayejua kufunga."

Afadhali angetukana. Shangazi akaenda kuongeza maji kwenye pasi iliyokuwa imejaa. Zamani, alipotoka hospitali na mimba yake ya pili ikiwa imeharibika, ni jukwaa lile lililomsimamisha. Ndiyo maana aliita kwa nguvu vile. Na sasa sauti hiyohiyo ilikuwa inamla mtoto wa mtu mkono wa jezi.

"Kwenu wanakuitaje?" aliuliza.

Kijana alicheka kwa mara ya kwanza. "Mjomba."

"Mjomba? Una miaka mingapi wewe?"

"Kumi na tisa. Mimi na mtoto wa kwanza wa dada tumepishana mwezi mmoja. Nimeanza kuitwa mjomba kabla sijajua kutembea. Wote sita wananiita hivyo, mtaa ukafuata. Mpaka wazee wa rika la baba yangu."

Miaka thelathini na mmoja Shangazi aligawa majina, na hakuwahi hata siku moja kumuuliza mchezaji alikuja na lipi. Jambo hilo lilimshangaza kuliko hadithi yenyewe.

Jumamosi alisimama ngazi ya tatu, akaanza kuita. Kwa kipa mpya na namba nane mpya walipiga makofi matatu kama kawaida. Wengine wakaitikiwa. Alipofika mwisho mikono ya watu ilikuwa tayari imeinuka kwa yale makofi.

"Mjomba!"

Mikono ilibaki hewani. Posta, mzee aliyestaafu kazi ya barua na aliyekaa naye bega kwa bega tangu zamani, alimvuta kanga.

"Mjomba wa nani?"

"Namba tisa."

"Hajafunga hata moja yule."

"Nimekuuliza amefunga mangapi? Mjomba!"

Hakuna aliyejibu. Mtu huko juu alicheka. Shangazi alijua kwamba akiketi sasa, jina limekufa, na pengine kijana naye kazi imekwisha. Akapiga moyo konde, akaita mara ya tatu, na sauti ikakwaruza katikati. Pale uwanjani namba tisa alikuwa ameinama akifunga kamba za kiatu. Akainua kichwa. Akatazama huku, kisha kwa haya akanyoosha mkono juu, kama mwanafunzi aliyesikia jina lake darasani.

Jukwaa liliangua kicheko, kicheko kizuri, na Posta akawa wa kwanza kuitika. "Mjomba!" Kofi. Halafu wote.

Hakufunga siku hiyo. Shuti lake moja liligonga mwamba, kisha akamtengenezea namba nane bao, na alipopoteza mpira mwingine waliita jina lake vilevile, wakimtania kama wanavyotaniwa wajomba. Timu ilishinda bao moja.

Jumatatu mtunza vifaa alitupa furushi mezani, akafuta jasho.

"Kocha kambakiza mpaka mwisho wa msimu."

Shangazi aliachia pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumamosi.

"Ila," mtunza vifaa akaendelea, "kulikuwa na watu wawili kwenye viti vya wageni, wanaandikaandika. Walimuulizia yeye. Wale wale waliomchukua Nyundo."

Shangazi aliweka mkono juu ya furushi. Iliuma, na aliiacha iume. Kisha akaanza kutenga nyeupe na za rangi.

"Mwambie Jumamosi asichelewe kutoka kupasha misuli," alisema. "Kuanzia sasa namwita mara mbili."