Kidude Kisichozunguka

Kanuni za klabu ya mbio za magari zilijaa kurasa nne tu, na Mkaguzi alizijua zote kwa kichwa, hasa zile zilizowabana wengine. Nyuma ya mgongo wake wanachama walimwita Kifungu.

Asubuhi hiyo alishika kifungu cha tisa: shokapu isiwe ya kurekebishwa kwa mkono. Akainamia injini ya gari la fundi wa klabu na kushika kidude chekundu kilichokaa juu ya shokapu ya mbele. Kidude hicho ukikipeleka kulia shokapu inakaza na gari linatulia, ukikipeleka kushoto inalegea na gari linayumba. Kikazunguka bila ubishi.

"Pole, dada. Leo utatazama tu."

Miaka kumi na moja fundi alikuwa akitengeneza magari ya wanaume hawa na kuyasukuma mpaka mstarini, kisha anarudi nyumbani na grisi kwenye kucha. Hili ndilo lilikuwa gari lake mwenyewe la kwanza, na hizi ndizo mbio zake za kwanza.

"Na lile je?" akauliza.

Lile lilikuwa gari la Shemeji. Alikuwa shemeji wa Mkaguzi, lakini klabu nzima ilimwita hivyo, kana kwamba ni cheo. Shokapu zake alizifunga fundi huyu huyu: aina ile ile, vidude vile vile vyekundu.

Mkaguzi hakuwa na pa kutokea. Akashika kidude, akakaza meno, mishipa ya shingo ikamtoka, akaguna kama anayenyanyua friji. Mwigizaji kamili! Kidude hakikusogea, maana kilishikwa kwa vidole viwili vilivyolegea.

"Kimeganda," akasema, akipangusa jasho lisilokuwepo. "Shokapu hii hairekebishiki kwa mkono. Imepita."

Watu wakatazama viatu vyao. Fundi alitamani kumtukana yeye na ukoo wake wote, Shemeji akiwa wa kwanza. Badala yake akafuta mikono kwa kitambaa.

"Hebu na mimi nijaribu, mzee. Muandike kabisa kwamba hata fundi amehakikisha."

Mkaguzi, aliyependa sana mashahidi, akampisha. Fundi akainama, mgongo wake ukaziba kila kitu. Akaguna upande mmoja, akahamia wa pili, akaguna tena.

"Kweli," akasema. "Vyote viwili vimeganda."

Ikaandikwa, ikapigwa muhuri, na fundi akatia sahihi kwa mwandiko mzuri.

Shemeji akatoka kwenda mzunguko mmoja wa kupasha injini moto. Kona ya kwanza gari likainamia ubavu mmoja. Kona ya pili nusura litoke njiani, na baada ya tuta likaendelea kudunda kama kitanda kinachorukiwa na watoto. Akarudi amevimba kwa hasira, akafungua boneti mbele ya umati mzima.

"Nani kazilegeza hizi?"

Akavipeleka vidude vyote viwili kulia mpaka mwisho, kwa vidole viwili, kama anayeongeza sauti ya redio.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililouma zaidi. Mkaguzi alisimama na karatasi yake yenye muhuri, akisubiri ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka.

"Kifungu cha tisa," akasema mwishowe, "kimesimamishwa kwa leo. Kwa magari yote."

Akageuka kumwambia fundi kwamba anaruhusiwa. Hakumwona. Fundi alikuwa mstarini, kofia kichwani, injini inanguruma. Mkanda alishaufunga tangu Shemeji alipofika kona ya pili.