Pindo la Gauni la Mwenye Nyumba

Kabla ya kutania, Fundi alikuwa anakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Kilikuwepo miaka mingi kabla ya ugonjwa, na hakikuhusiana nao. Ukikisikia ulijua mzaha unakuja. Baada ya kumzika, jambo la kwanza nililolisahau ni hicho kikohozi. Nilikumbuka kwamba kilikuwepo, lakini sikuweza kukisikia tena kichwani. Ndiyo maana nikaanza kuandika mambo yake, yasije yakaondoka yote.

Tuliishi ghorofa ya tatu, vyumba viwili na bafu. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi: cherehani, meza ya kukatia, kioo kirefu, pazia la wateja kubadilishia nguo. Yeye alipima, akakata, akashona. Mimi nilitia vifungo na kumalizia mapindo. Aliniita Mama Vifungo, na jengo zima likamfuata. Watoto hatukujaliwa.

Mwaka wake wa mwisho, alipokuwa bado anaweza kushuka ngazi, alirudi kutoka duka la dawa na mfuko wa vidonge mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa ndani ya koti, na koti lilikuwa linajongea lenyewe.

"Nilikutuma dawa," nikamwambia.

Akakohoa. "Dawa nimenunua. Hii ni nyongeza."

Akatoa kitoto cha mbwa, cheupe chenye mabaka meusi na ya kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala. Mama yake nilimfahamu, kile kijibwa cha manyoya marefu kinacholala juu ya kaunta ya mwuza dawa.

"Na baba yake?"

"Baba yake ulizia mtaani. Huyu ameshonwa kwa mabaki, mke wangu. Tumwite Kiraka."

Jengo letu lina masikio. Mama mwenye nyumba, anayeishi chini, alipanda siku hiyo hiyo, akasimama mlangoni akihema.

"Fundi, nyumba yangu si zizi."

"Ni mdogo, mama."

"Wote huzaliwa wadogo. Hata marehemu mume wangu alizaliwa mdogo, na mlikuwa mnaona alivyokuwa akipita mlangoni kwa ubavu." Akamtazama Kiraka, Kiraka naye akamtazama. "Haya. Masharti mawili. Nisikute tone kwenye ngazi zangu. Na mgongo wake ukizidi pindo la gauni langu, anaondoka. Mbwa mkubwa hawezi kulelewa ghorofani, ni kumtesa."

Fundi akainama kutazama pindo. Magauni yote ya mama huyo alikuwa ameyashona yeye, na yote yaliishia mahali pamoja, katikati ya muundi.

"Pindo la gauni lipi, mama?"

"Lolote. Si yote umeshona wewe?"

"Yote," akasema Fundi, akaendelea kutazama chini.

Mama huyo alipoondoka, Fundi alimpakata Kiraka akamvuta ngozi ya shingo kwa vidole viwili, jinsi alivyokuwa akikagua kitambaa. "Ona ilivyo pana. Hii ni sare ya shule iliyoachiwa pindo. Na nyayo hizi, kama kavaa viatu vya kaka yake. Huyu ataongezeka."

Daktari wa mifugo aliyekuja kumchanja hakutufariji. "Hawa wadogo humaliza kukua kabla ya kutimiza mwaka," alisema. "Lakini mchanganyiko hautoi ahadi. Mtazameni mama yake, mwombeeni baba yake."

Kisha Fundi akawa mtu wa kitandani, na mimi sikuweza kumwacha nikashuke na mbwa kila saa. Ikabidi Kiraka afundishwe choo ndani. Tuliweka bafuni sinia pana la plastiki. Wengine hutandika magazeti. Kwetu gazeti halikuwepo, lakini mabaki ya vitambaa yalijaa gunia zima nyuma ya mlango, nikatandika hayo. Akiamka, bafuni. Akila, bafuni. Akicheza kisha akaanza kunusa sakafu na kuzunguka, namnyanyua mbio, bafuni. Nasimama naye mpaka amalize, namsifu kama mtoto aliyefaulu mtihani.

"Usimfokee akikosea," Fundi aliniambia kutoka kitandani. "Ukimfokea atajifunza kujificha tu, utayakuta uvunguni."

Kila Kiraka alipofanya mahali pake nilipaza sauti, "Tayari!" na upande wa pili wa ukuta Fundi akapiga makofi. Siku nyingine yalikuwa makofi mawili tu, mepesi, kama mtu anayekung'uta unga. Samaki mkunje angali mbichi, wahenga walisema, na huyu alikunjika upesi. Ikafika wakati anakwenda mwenyewe.

Fundi alifariki asubuhi, nikiwa jikoni nachemsha maji. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Watu walikuja kukaa na mimi. Wifi yangu, dada yake Fundi, alikaa kwenye mkeka karibu yangu, akawa analia kwa sauti, na mtandio wake ukateleza sakafuni. Kiraka akatoka uvunguni. Akaunusa. Akauzunguka mara moja, mara mbili, akachutama.

"Jamani!" Wifi aliruka. "Ananikojolea msibani!"

Bibi mmoja pale kando akasema, "Mwache, mwanangu, kila mtu analia kwa njia yake." Watu wakacheka wakiwa wameziba midomo. Nami nikacheka, kisha kicheko kikageuka, wakanishika.

Lakini haikuishia hapo. Ikafuata koti la jirani lililoanguka kutoka kwenye kiti. Ikafuata taulo. Ikafuata ncha ya pazia. Kila mara Kiraka alimaliza akanigeukia huku akitikisa mkia, akingoja makofi. Ndipo nilipoelewa tulichokifanya. Hatukumfundisha mahali, tulimfundisha kitambaa. Kwake yeye kitambaa chochote kilichogusa sakafu kilikuwa choo. Kosa hilo lingewezekana nyumba ya fundi cherehani tu.

"Nipe mimi," Wifi alisema alipokuwa anaaga. Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza. "Kwangu kuna ua. Kuna mnyororo. Wewe utaweza wapi, peke yako?"

Peke yako. Neno hilo lilibaki chumbani baada ya viti vya kuazima kurudishwa.

Mama mwenye nyumba naye alipanda. Alikuwa amesikia habari za mtandio, nani hakuzisikia? Hakupandisha sauti. "Masharti niliyompa Fundi bado yapo, Mama Vifungo. Nakupa muda. Nitakuja mwisho wa mwezi kuchukua gauni langu, nami nitamwona mbwa."

Gauni lake lilikuwa limetundikwa ukutani, la buluu, kazi ya mwisho ya Fundi. Alikuwa amelikata kabla hajazidiwa, akamwita mwenye gauni aje kulijaribu siku moja nilipokwenda kuchukua dawa. Lilikuwa limebaki pindo tu, na pindo ni kazi yangu. Sikuwa nimeligusa.

Nilianza na sinia. Seremala wa chini alinipa mfuko wa maranda ya mbao. Nilitandika vitambaa kama kawaida, nikanyunyiza maranda juu. Kisha kila nilipobadilisha, maranda yakazidi na kitambaa kikapungua. Sakafuni sikuacha hata leso. Nilikaa sana bafuni siku zile, juu ya ndoo iliyofudikizwa, nikimngojea mbwa. Vile vipande nilivijua vyote. Huu mkono wa suti ya bwana harusi aliyenenepa kabla ya harusi. Hii sare ya wauguzi. Huu mfuko uliokatwa upande usio wake, Fundi akajicheka siku nzima. Nilikuwa namwokoa mmoja huku namalizia mabaki ya mwingine. Ilifika siku sinia likawa na maranda matupu. Kiraka alisimama mbele yake, akanitazama, akalitazama, akaparura kwa mguu, akapanda.

"Tayari!" nikasema. Nikanyamaza kusikiliza ukuta, mazoea tu. Kisha nikapiga makofi mwenyewe.

Kumpima sikumpima. Niliona anakua. Alikuwa anapita chini ya meza bila kuinama, sasa anainama. Lakini futi ilikuwa msumarini alipoitundika Fundi mwenyewe, nami sikutaka kuishusha ije kuniambia jambo baya.

Mwezi ulipokaribia kwisha nililichukua gauni. Pindo Fundi alikuwa amelikunja, akalipiga pasi, akalishikiza kwa bandi, ule mshono mrefu mweupe wa muda ambao baadaye hufumuliwa. Nikalilinganisha na kipimo cha siku zote cha mama mwenye nyumba. Lilikuwa limepanda vidole vinne.

Nikapima tena. Vidole vinne. Fundi hakuwahi kukosea pindo, hata mara moja. Wateja walikosea, wakaja na viatu visivyo vya nguo hiyo, wakavuta tumbo ndani, yeye hakukosea. Nikajua ni ugonjwa. Mkono ulikuwa umeshachoka na mimi sikuona. Sikutaka mama mwenye nyumba aseme kwa watu kwamba fundi wetu mwishoni alikuwa hajui kupima. Basi nikafumua bandi yake. Uzi haukutoka mzima, ulitoka vipande. Niliviviringisha kwenye kidole, nikavitia kwenye kopo la vifungo. Nikalishusha pindo mpaka katikati ya muundi, nikalishona kwa mshono wangu usioonekana. Kunjo la pasi yake halikutoka vizuri, ilibaki alama. Nikaona alama hiyo itafutika kwa kufuliwa.

Mama mwenye nyumba alikuja alasiri, amevaa kandambili, akanusa hewa ya chumba kama mnunuzi wa samaki.

"Hakunuki," alisema, kana kwamba amenyimwa kitu.

Akaingia nyuma ya pazia kuvaa gauni jipya. Gauni la zamani akalivua, akaliacha lidondoke. Nililiona likitua sakafuni, ncha yake ikatokeza chini ya pazia. Kiraka naye aliliona.

Akalisogelea. Akanusa. Akazunguka mara moja. Nilitaka kumwita, lakini niliusiwa nisimfokee. Akazunguka tena. Kisha akainua kichwa kama aliyekumbuka shughuli, akaelekea bafuni, na tukasikia maranda yanaparurwa.

"Anafanya nini huko?" akauliza yeye kutoka nyuma ya pazia.

"Anajisitiri, mama."

"Kumbe ana adabu kuliko wapangaji wangu wengine."

Akatoka, akasimama mbele ya kioo. Gauni lilimkaa vizuri. Kiraka akarudi, mwepesi, mwenye furaha zake, akaenda kusimama ubavuni pake kabisa, kama aliyeitwa kupimwa. Mgongo wake ulikuwa umelipita pindo. Umelipita vidole vitatu hivi. Hakuna aliyehitaji futi.

Niliona mnyororo wa Wifi. Niliona chumba hiki bila kucha zake sakafuni asubuhi.

"Mama," nilisema, "nadhani amemaliza kukua, haongezeki tena…"

Hakuwa akimtazama mbwa. Alikuwa akitazama pindo kwenye kioo.

"Mama Vifungo. Nani amelishusha hili?"

"Mimi. Lilikuwa fupi. Unisamehe kwa niaba yake. Alikuwa mgonjwa, mkono ulikuwa…"

"Mkono wake ulikuwa mzima." Akageuka. "Siku ile ya kujaribu nilimwuliza. Nikamwambia, we Fundi, mbona unanipandishia gauni kama msichana? Alikuwa amekaa chini, hawezi hata kupiga magoti, pini mdomoni. Akafanya hivi," na mama mwenye nyumba akakohoa. Kifupi, kikavu, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. "Akasema, mama, mbwa anakua. Nilicheka mpaka pini ikanichoma. Nikamwambia haya, pandisha, mzee mwenzangu, pandisha."

Nikalishika lile pindo kwa vidole.

"Hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Alijua utakataa. Ungesema ni kumlaghai mwenye nyumba. Sasa mwenye nyumba nimelaghaiwa macho wazi na nimekubali, wewe unakuja kuniharibia?" Akavuta stuli, akapanda juu yake kwa shida, akishika bega langu. "Hebu rudisha. Kisha huyo naye asimame kando yangu, tuone."

Nilipiga magoti. Nikafumua mshono wangu, na nikakunja upya. Sikuhitaji kupima. Alama ya pasi yake ilikuwa palepale, kitambaa kikalala kwenye kunjo lake chenyewe. Yule mama akashuka, Kiraka akasimama kando yake. Pindo lilipita juu ya mgongo, likabaki na nafasi ya kidole.

"Masikio?" nikauliza. Lile lililosimama lilikuwa limelivuka pindo waziwazi.

"Masikio hayahesabiwi."

"Na akizidi tena?"

"Mwambie amefika. Mimi sina umri wa kuvaa juu ya goti."

Nikafungua kopo la vifungo, nikatoa vile vipande vya uzi mweupe. Kilichokuwa kirefu zaidi kilitosha sindano. Nikalishikiza pindo kwa uzi wa Fundi, upande wa mbele tu, mpaka ukaisha, nikaendelea na wangu. Kiraka alijilaza chini ya cherehani, karibu na pedali, mahali ulipokuwa ukikaa mguu wa Fundi.

Nilipomaliza sikuinuka.

"Mama," nikamwambia, "kohoa tena."

Akanitazama kwenye kioo. Kisha akakohoa.