Sauti Zilizotunzwa kwa Wifi

Tangi la maji juu ya paa la makumbusho lilipasuka siku ya mapumziko, hapakuwa na mtu wa kuyazuia maji. Kesho yake mtunza sauti, ndivyo wenzake walivyomwita, alifungua chumba cha kumbukumbu akakuta dari imelalia kompyuta na diski za akiba zinaogelea kabatini. Akabaki mlangoni, viatu mkononi.

Humo mlikuwa na sauti za watu wa mji ule: wakunga, wahunzi, wasusi, mabibi waliosimulia utoto wao. Wengi walishafariki. Karibu zote zilirekodiwa na mumewe, aliyekuwa akizunguka nyumba hadi nyumba na kinasa sauti chake, akinywa chai ya kila mtu. Naye alishatangulia mbele ya haki.

Fundi wa kompyuta aliigeuzageuza mashine, akaiinamisha, maji yakachuruzika.

"Dada, nikikuambia hii itapona nitakuwa nakudanganya."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Lakini si mko kwenye ule ushirika?"

Walikuwamo. Makumbusho, maktaba na redio za miji ya jirani walikubaliana kutunziana nakala, ili balaa likiwafika hawa, wale wawe nazo. Vipande vya sauti zake vilikuwa huku na huko, lakini nakala kamili ilipangiwa maktaba ya mji wa pili, na mkuu wa maktaba hiyo alikuwa wifi yake. Siku ya kupangiana mtunza sauti alijaribu kupinga. Mratibu wa ushirika akacheka: "Mama, mwenzako ana chumba kikavu na umeme wa uhakika. Kompyuta haijui nani kamnunia nani." Wenzake nao walipata utani: mtandao ukikatika humwambia, "Tatizo lako ni wifi tu." Lakini siku hii ya maji hakuna aliyethubutu kutania.

Mawifi hao hawakuwa wamesemezana tangu mazishi. Wifi alitaka kaka yake azikwe kwao, kando ya baba yao. Mtunza sauti akamzika mjini, kama marehemu mwenyewe alivyoomba. Wifi aliondoka makaburini bila kuaga.

Mtunza sauti akapiga moyo konde, kisha akapiga simu.

"Wifi, ni mimi."

"Nakujua. Kuna nini?"

Akaeleza yaliyotokea. Alijiandaa kusikia, leo ndiyo umenikumbuka.

"Kuna aliyeumia?"

"Hakuna."

"Basi njoo na diski kubwa. Tukisubiri mtandao wa kwenu tutazeeka."

Alifika kesho yake, roho juujuu. Wifi alimpokea mkoba, akamwongoza hadi chumba kidogo chenye baridi, mashine zikinguruma taratibu. Hakukuwa na kukumbatiana. Akamwonyesha kwenye kioo cha kompyuta jinsi programu inavyolinganisha nakala za hapo na zilizoko kwingine. Faili ikiharibika, wanaomba nzima kwa mwenye nayo.

"Mwezi uliopita zako kadhaa zilipata hitilafu. Watu wa redio wakanipa nzima."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje?"

Wifi akachomeka diski, nakala zikaanza kuhama.

"Umewahi kuzisikiliza?" mtunza sauti aliuliza.

"Tulikubaliana mtunzaji hafungui za mwenzake."

"Nani angejua?"

"Mimi." Wifi alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Asubuhi nikija kukagua naliona jina la kaka kwenye faili. Naliangalia weee, halafu narudi mezani kwangu."

Miaka yote mtunza sauti alimhesabu wifi kama mtu aliyemsusa, kumbe kila asubuhi alikuwa mlangoni kwa kaka yake, habishi hodi. Akavuta kiti cha pili.

"Wenye mali ni sisi, nami nakuruhusu. Kaa."

Akatafuta faili moja, akaibonyeza. Kwanza kikasikika kishindo cha sufuria, kisha sauti ya mwanamume: "Mama, tuanze. Ulizaliwa wapi?"

"Kwanza umekula?"

"Mama, nimeshawasha kinasa."

"Kwani kinasa kinashibisha? Zima hilo dude, nawa mikono!"

Wifi aliangua kicheko. Kikageuka kilio katikati, akajiziba uso kwa mikono yote miwili.

"Alimrekodi mama," alisema. "Sikujua. Mama yangu na kaka yangu, wote humu, kwenye chumba changu."

Mtunza sauti alimshika bega. Naye machozi yalikuwa yakimtoka, akayaacha. Walisikiliza hadi mwisho, mama akimkaripia mwanawe na mwanawe akicheka, wakairudia. Nakala zilishahamia kwenye diski zamani na hakuna aliyeishughulikia.

"Sijarudi kaburini kwake tangu siku ile," wifi alisema baadaye. "Nilikuwa na hasira na wewe, halafu nikaona haya."

"Yeye ndiye aliyetaka pale, wifi. Sikuwa nakunyang'anya."

"Najua. Nilijua hata siku ile."

Jumamosi wifi alifika makumbusho, akakunja mikono ya gauni, akasaidiana na watu wa makumbusho kufagia maji huku fundi akiwasha mashine mpya. Sauti ya kwanza ilipotoka chumba kizima kilishangilia. Jioni wakaenda makaburini. Wifi alikaa chini, akaanza kuzungumza na kaka yake polepole, mambo ya kwao. Mtunza sauti akasogea mbali kidogo, akawaachia nafasi.